Twiga Aliyelala Ndani ya Boksi

Majuzi mmoja wenu, sitamtaja maana mama yake hunipigia simu kila Jumapili kunisalimia, aliingia humu chumbani kwangu Xiaobei, hapa Guangzhou, akamwona twiga wangu wa udongo juu ya friji, akamnyanyua kwa sikio. Kwa sikio, wanangu! Nilitaka kupiga ukelele nikajizuia, kwa sababu ukimshtua mtu aliyeshika kitu cha kuvunjika anakiachia palepale. Nikamwambia taratibu, "Mrudishe, mwanangu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia." Akamrudisha. Kisha akaniuliza, "Sasa Mzee Boksi, huyu mdudu ana nini hasa?"

Nilimjibu kwamba ana historia ndefu kuliko shingo yake. Akacheka, akachukua mzigo wake, akaenda zake kwenye jengo la maduka la Tianxiu. Lakini swali lilibaki hapa chumbani na mimi. Sasa nawaandikieni nyote mliokuja China kununua mizigo, kwa kuwa mikono yangu haiwezi tena kufunga mizigo, na mtu asiyefunga mizigo lazima afanye kitu na mchana wake.

Nyinyi mmenijua mimi kama mzee wa kufunga sahani na taa za dari pale chini ya jengo. Kabla ya hapo nilikaa miaka mingi kwenye karakana ndogo ya wanyama wa udongo, upande wa Huangpu, karibu na bandari kiasi kwamba upepo ukigeuka tulisikia makontena yakigongana. Sikuja China kwa ajili ya udongo. Nilitoka Tanga kuja kununua nguo soko la Zhanqian kama kila mtu, na nilikuwa mfanyabiashara wa hovyo. Nikitajiwa bei naona haya kuipunguza. Muuzaji akiniambia mtoto wake anaumwa, naongeza.

Aliyeniokoa ni Mama Neema, mwanamke wa Mwanza aliyekuwa na ofisi Tianxiu na duka Kariakoo. Siku moja alinikuta nakunja suruali, akaona robota langu limekuwa dogo kuliko la wenzangu na suruali ni zilezile. Akasimama, mkono kiunoni.

"Kaka Mhando," akaniambia, "wewe si mfanyabiashara. Wewe ni mfungaji. Acha kujitesa."

Liliniuma lile neno. Nikalala nalo, nikaamka nalo, na chai ilipokuwa tayari nikaona kwamba ni kweli. Yeye ndiye aliyenipeleka kule Huangpu nikamsimamie mzigo wake, na kule nikabaki.

Mwenye karakana aliitwa Liang. Sote tulimwita laoban, yaani bosi, kama mnavyowaita wenye maduka huko sokoni. Alikuwa mwembamba, na nyuma ya sikio lake kulikaa sigara ambayo sikuwahi kuiona ikiwashwa. Baba yake alikuwa akifinyanga mitungi ya kuweka mboga za chumvi. Ndoo za plastiki zilipokuja, mitungi ikakosa wa kuinunua, na yule mzee akawa anachukua udongo uliobaki anawafinyangia watoto wa jirani bata, paka na kobe. Watoto wakakua na wanyama wao. Wengine wakaanza kuwakusanya, wakawa wanakuja kuuliza, msimu huu unatoa nani? Ndivyo karakana ilivyogeuka.

Kila msimu alitoka mnyama mmoja mpya. Kalibu yake ikichoka, ilivunjwa kwa nyundo uani mbele ya kila mtu, ili aliyempata awe amempata na aliyekosa akubali kwamba amekosa. Na kalibu huchoka, wanangu, msidhani ni chuma. Ni plasta. Unamimina ndani yake udongo mwepesi kama uji wa mgonjwa, plasta inakunywa maji, ngozi ya udongo inaganda ukutani, halafu unamwaga uji uliobaki. Anabaki mnyama mtupu ndani. Kila ukimimina, plasta inalika kidogo, kwa hiyo bata wa mwanzo ana manyoya na bata wa mwisho ni kama bata unayemkumbuka tu. Laoban aliwapenda wa mwanzo. Mimi niliwapenda wa mwisho, sijui kwa nini.

Na tundu. Usisahau tundu la chini ya tumbo. Mnyama asipotobolewa, hewa inakosa pa kutokea, naye hupasuka ndani ya joko la kuchomea na kuondoka na majirani zake. Mlio wake ni kama mtu amepigwa kofi chumba cha pili. Ukiusikia mara moja, hutasahau tena kutoboa.

Lakini jambo lililonishangaza siku ya kwanza lilikuwa ni rafu. Ukuta mzima ulijaa wanyama weupe, na wote walitupa mgongo. Nikadhani nimeingia wakati mbaya. Laoban akanieleza kwamba mnyama asiye na macho hatazamishwi watu. Anaelekezwa ukutani hadi achorwe macho, na anayechora ndiye anayemgeuza. Mchoraji wa macho alikuwa mmoja tu, mama mtu mzima tuliyemwita Wu ayi, kama sisi tunavyosema mama fulani au shangazi. Alikaa dirishani na brashi yenye nywele chache kuliko nyusi zangu. Alitia weusi, akaacha kitone cheupe cha mwanga, akampulizia mnyama usoni, akamgeuza. Wakati wote huo hakuna aliyemsemesha. Mkigeuziwa bata mmoja baada ya mwingine asubuhi yenye ukungu, wanangu, mnahisi kama nyumba inaamka.

Sasa Mama Neema akaja na wazo lake. Alitaka twiga. Kila sebule ya Dar ina kabati la vioo, alisema, na kila kabati limejaa mbwa wa kizungu na malaika wenye mashavu. Kwa nini asiwemo twiga? Laoban akanigeukia mimi.

"Wewe ni wa kwao. Twiga yukoje?"

Wanangu, mimi ni mtoto wa Tanga mjini. Nimekua na paka, kunguru na mbuzi wa jirani. Twiga nilimwona kwenye kalenda. Lakini karakana nzima ilikuwa inanitazama kana kwamba nimelelewa naye, basi nikakohoa kidogo nikasema kwa uhakika mkubwa, "Shingo ndefu." Twiga wa kwanza alitoka kama farasi anayenyongwa. Wa pili alikuwa na mkia wa simba. Wa tatu, baada ya Laoban kununua kitabu cha watoto chenye picha, alikuwa mzuri mpaka tukaacha kazi kumtazama. Alisimama kwa miguu minne kama njiti, kichwa juu, macho ya Wu ayi yakiangalia mbali.

Tukajaza kontena. Likafika Dar. Mama Neema akafungua boksi la kwanza dukani, akapiga picha akanitumia. Upande mmoja shingo, upande mwingine viwiliwili.

"Kaka Mhando," aliniambia kwenye simu, "nimeagiza twiga. Umeniletea nyoka na mbuzi."

Nilijaribu kila kitu. Nilitia magazeti, pumba za mpunga, vipande vya vitambaa kutoka Zhanqian, boksi ndani ya boksi. Sheria ya mfungaji ni moja na nyinyi mnaijua kwa kuwa nimewachosha nayo. Inua boksi, liweke sikioni, litikise. Likisema neno, lifungue upya. Maboksi yangu yalikuwa kimya yakitoka Huangpu, na bado shingo zilikatika, kwa sababu bahari inatikisa kwa subira ambayo mkono wa mtu hauna. Laoban akaanza kusema basi, turudi kwenye bata. Bata nao walikuwa hawanunuliwi tena kama zamani, wale watoto waliowakusanya walishakuwa watu wazima wanaoishi kwenye vyumba vidogo. Kulikuwa na watu wa vigae waliotaka kupanga lile jengo, na walikuwa wakipita getini mara nyingi kuliko ilivyokuwa adabu.

Siku hiyo nilikuwa nimeshika boksi tupu mkono mmoja, na mkono mwingine twiga mbichi aliyetoka kwenye kalibu, bado laini. Sikuwa na wazo lolote la kisanaa, nataka mlielewe hili. Nilikuwa na boksi fupi na mnyama mrefu. Nikamkunja miguu chini ya tumbo, nikaizungusha shingo nyuma hadi kichwa kikalala juu ya paja, nikamtumbukiza. Akaenea. Nikatikisa taratibu. Kimya.

Laoban akatazama ndani. "Umemuua."

"Amelala," nikasema.

Wakaja wote kuangalia. Wu ayi alikuja wa mwisho, akainama juu ya boksi muda mrefu.

"Na macho yake?"

"Si amelala, ayi. Yamefumbwa."

Akanitazama mimi, kisha akaitazama brashi yake. "Mimi kazi yangu ni kufumbua macho," akasema. "Mkiwalaza wote, nifanye nini? Nifagie?"

Hakuna aliyecheka. Yule mama hakuwa na kazi nyingine duniani, wala hakuitaka. Aliingia karakana ile akiwa msichana, wakati wa baba yake Laoban, na mikono yake haikuwa imejifunza kitu kingine zaidi ya kile kitone cha mwanga. Niliona huruma, lakini pia niliona boksi limenyamaza.

Tukatengeneza kalibu mpya. Wu ayi akachora kila jicho mstari mmoja mweusi, ulionyooka, safi. Aliwachora kama mtu anayetia saini barua ya kuacha kazi, na alipomaliza hakuwageuza. Aliwaacha vilevile wanatazama ukuta. Mimi ndiye niliyewatoa rafuni nikawafunga.

Walifika Dar wazima wote. Nilikuwa nimekaa karibu na simu kama mtu aliyetuma posa.

"Kaka Mhando," Mama Neema akasema, "nashukuru, hakuna hata mmoja aliyevunjika. Lakini wamekufa."

"Wamelala, Mama Neema."

"Wamekufa, kaka! Wateja wanawashika wanawarudisha. Mama mmoja wa Temeke alinunua, kesho yake kamleta kamfunga kwenye khanga, anasema hawezi kuweka maiti kabatini na mama mkwe wake yuko hospitali. Mimi nimwambie nini?"

Nilimweleza Laoban. Alisikiliza, akaigusa sigara yake, akasema kontena moja tu zaidi. Hilo nalo wakilikataa, joko linazimwa na watu wa vigae wanapewa funguo. Halafu akamtazama Wu ayi na kuinamisha macho, maana kila mtu alijua kwamba watu wa vigae hawahitaji mchoraji wa macho.

Wu ayi alinyanyuka. Aliosha brashi yake, akaikausha, akaenda kukaa uani.

Hapa lazima niwaeleze mchana wa kule. Baada ya chakula, karakana yote ililala. Si kujinyoosha tu, kulala kwelikweli. Kila mtu alitandaza kadibodi yake sakafuni, kati ya rafu, joko likipoa na kutoa joto la mkate. Feni iligeuka. Vumbi la udongo lilielea kwenye mwanga wa dirisha na halikutua kamwe. Mimi mwanzoni niliona ni uvivu, mtu wa Zhanqian hajui kulala mchana. Baadaye nikawa nalala kuliko wote, na katika usingizi ule nilikuwa sijui kama niko Huangpu au niko kwa bibi yangu Ngamiani kule Tanga, nasikia mtu anachambua mchele. Mpaka leo ndiko ninakoota.

Basi kuanzia siku ile Wu ayi aliacha kulala mchana. Alitembea peku katikati yetu, anachuchumaa mbele ya kila uso, anatazama kope. Niliamka mara nyingine nikakuta uso wake karibu na wangu kama daktari. Siku moja nikaamua kumtania, nikafumba macho nikavuta pumzi nzito. Akasimama juu yangu kidogo.

"Wewe hujalala," akasema. "Kope zako zinafanya kazi."

Siku ya mapumziko aliniomba nimpeleke sokoni kwa watu wangu. Nikampeleka Zhanqian. Kulikuwa na kijana wa Dar amelala juu ya marobota yake, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemvuka. Wu ayi akachuchumaa. Kijana akafumbua macho, akamkuta bibi wa Kichina yuko puani kwake.

"Bro, huyu mama vipi?" akaniuliza. "Mimi meiyou pesa, mwambie meiyou, sina!"

"Hataki pesa. Lala tena, anakusoma."

"Ananisoma nini?"

"Lala, bwana, tutakununulia soda."

Akalala tena, Mungu ambariki, na alilala kikweli.

Siku chache kabla ya kontena kufungwa, Wu ayi aliniita dirishani. Alikuwa na twiga mbele yake. Akachovya brashi, akasubiri mpaka pumzi yake ikaanza kutoka, ndipo akagusa. Mstari ulianza mwembamba karibu na pua, ukanenepa katikati, ukapanda kidogo kuelekea sikioni, na kabla haujafika mwisho wa jicho, akainua brashi.

"Haujaisha," nikamwambia.

"Ndiyo. Wa aliyekufa unafika mwisho. Wa aliyelala anauacha, kwa sababu atarudi kuumaliza."

Akampulizia usoni, kama alivyokuwa akiwapulizia bata, na kwa mikono miwili akamgeuza kutoka ukutani. Sijui niwaambieje. Mafundi waliokuwa wakibishana kuhusu kuni wakashusha sauti. Laoban alikuja, akaitoa sigara nyuma ya sikio, akaishika, akairudisha. Akatembea kwa ncha za vidole kurudi kwenye joko. Mtu mzima, ndani ya karakana yake mwenyewe, ananyata asimwamshe udongo.

Kontena lilipofika, nilikaa tena na simu yangu. Mama Neema alipopiga, sikumsikia vizuri.

"Ongeza sauti, Mama Neema!"

"Siwezi," akanong'ona. "Kaka, duka limejaa watu na wote wananong'ona. Kariakoo, kaka! Mtu ananiuliza bei kama yuko kanisani."

Kicheko kilinitoka na machozi pamoja. Wu ayi aliniuliza wamesemaje, na kwa Kichina changu cha sokoni nikashindwa kueleza, nikaweka tu kidole mdomoni nikafanya "shhh." Akaelewa. Aliinamia brashi yake akatabasamu peke yake mpaka jioni.

Tangu hapo karakana ikawa ya wanyama waliolala. Simba akafuata, ameweka kidevu juu ya mguu. Akaja kiboko, akaja tembo aliyekunja mkonga chini ya shavu, na watu wakaanza kuwakusanya Dar, Mombasa, hata Guangzhou hapahapa, kila msimu mmoja. Miaka mingi baadaye mmoja wenu alinionyesha kwenye simu twiga wa kweli amelala mbugani, shingo kaizungusha nyuma, kichwa pajani, vilevile nilivyomkunja mimi kwa ajili ya boksi. Nilitikisa kichwa polepole kama mtu aliyejua siku zote.

Wu ayi alizeeka dirishani pale. Mchana mmoja tuliamshwa na kelele za Lan, binti yake, aliyekuwa akitia rangi ile ya juu inayogeuka kioo motoni. Mama yake alikuwa kwenye kiti, kichwa kimeanguka upande, brashi imedondoka. Lan alikuwa anamtikisa na kulia kwamba hapumui. Kila mtu alikuja mbio na kila mtu aliogopa kumgusa. Mimi nikapiga magoti mbele yake nikatazama kope. Mstari ulipanda kidogo kuelekea sikioni, na haukufika.

"Amelala," nikasema. "Mwacheni."

"Na nyinyi mbona mnanisimamia kama wanunuzi wa bata?" Wu ayi akauliza bila kufumbua macho.

Tulicheka mpaka Laoban akalazimika kukaa chini.

Mara ile nyingine ilikuwa nyumbani kwake, mchana pia. Alikuwa haji tena kazini. Nilikwenda na machungwa. Lan alinifungulia mlango akaweka kidole mdomoni, akaninong'oneza, amelala, pita, nachemsha maji. Nikapita, nikakaa kando ya kitanda, nikamtazama. Mstari ulikuwa umefika mwisho.

Sikumwita Lan. Nilimwacha achemshe maji yake, atafute vikombe, aimbe kidogo kwa pua kama alivyokuwa akiimba, kwa sababu nilijua hatakuwa tena na dakika kama zile. Alipoingia na sinia, nilinyanyuka nikampokea kwanza sinia. Ndipo nikamwambia. Nililia sana siku ile, wanangu, nililia kuliko nilivyolia msiba wa kwetu nilioukosa kwa kuwa mbali.

Rafuni walibaki twiga ambao hakuwahi kuwachora. Laoban alimwomba Lan, Lan akaniangalia mimi, na hakuna aliyeigusa brashi. Kalibu ilivunjwa uani. Watu wa vigae walipata funguo zao hatimaye, na Lan aliwabeba wale twiga nyumbani kwake, ambako mpaka leo wanatazama ukuta. Mimi nilikuja mjini kufunga sahani zenu. Nilichukua mmoja tu, yule wa dirishani, wa kwanza kugeuzwa. Ndiye huyo mnayemshika masikio.

Sasa nawaomba jambo. Mchana mimi nalala kwenye kiti hiki, mlango naacha bila kufunga, na nyinyi mnaingia na maboksi yenu bila hodi. Siku mtakayonikuta kimya kuliko kawaida, msipige kelele, wala msikimbilie chini kuita watu. Nendeni kwanza kwenye friji mkamtazame twiga, mtazame vizuri pale brashi ilipoinuliwa. Kisha njooni mnitazame mimi. Mkiona mstari haujafika mwisho, bandikeni chai, mnisubiri.